Fiksa ya Baba Kulwa

Masanja, mtoto wa mdogo wangu, anasoma chuo hapa Shinyanga na anakaa kwangu. Siku hizi kapata wazimu mpya: kupiga picha nyeusi na nyeupe kwa kamera ya mkanda, kisha kuzisafisha mwenyewe gizani, katika dunia hii ambayo kila mtu ana simu mfukoni. Akageuza stoo yangu kuwa chumba cha giza, magunia yangu ya mpunga yakahamia sebuleni. Hilo nililimeza. Akaziba dirisha kwa blanketi langu zuri, nalo nikalimeza. Kilichonikwama kooni ni swali aliloniuliza asubuhi moja nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Shangazi, wewe umekulia studio. Hebu niambie, fiksa gani ina nafuu?"

"Nafuu kwa nani?" nikamuuliza, kwa sauti iliyonishtua hata mimi.

Kijana wa watu akabaki ameshika chupa, kifuniko wazi. Harufu ikanifikia: siki, na nyuma yake njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni. Nikaiacha chai ipoe, nikatoka nje kumwagilia mchicha ambao ulikuwa umeshamwagiliwa.

Kwa wale ambao hawakukulia studio, ngoja nieleze. Picha ya zamani ilipitia dawa mbili. Ya kwanza inaileta sura kwenye karatasi. Ya pili ndiyo fiksa, nayo kazi yake ni kuyatoa yale madini ya fedha ambayo hayakupata mwanga, ili sura ibaki pale ilipo na mwanga wa kesho usiiguse. Fiksa ikiwa nzima, picha itamzika aliyepigwa, imzike na mjukuu wake. Fiksa ikichoka, picha inatoka nzuri vilevile, mwenyewe anaichekea, anaibeba kwenda nayo nyumbani, halafu inaanza kufa polepole ukutani kwake. Mteja hawezi kujua. Anayejua ni mmoja tu, na yuko chumba cha nyuma.

Huyo wa chumba cha nyuma alikuwa baba yangu. Studio yake ilikuwa jirani na soko, na mji mzima ulimwita Baba Kulwa, kwa jina la pacha mwenzangu aliyenitangulia kuzaliwa. Mimi ni Doto. Kwake walikuja wachimbaji kutoka Mwakitolyo, vumbi la mashimo bado liko masikioni, wakaazima koti la studio na saa ya studio. Walikuja wafanyakazi wa Mwadui kutaka picha za kitambulisho, na wakulima waliokwisha kuuza pamba, na mama zao, na watoto waliopakwa mafuta mpaka wakang'aa. Picha za rangi zilikuwa zinapelekwa Mwanza na kurudi kwa mbinde. Nyeusi na nyeupe ulipata kwa Baba Kulwa siku ileile.

Fiksa zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na ya pakti, iliyotoka Mwanza, ghali, ukiikoroga iko tayari. Na kulikuwa na ya chenga, inakuja kwenye gunia, nyeupe na kubwakubwa kuliko sukari. Ile ya chenga niliipenda mno. Ukiimwaga kwenye ndoo ya maji, maji yenyewe yanapoa mpaka ndoo inatoa jasho nje, katika joto la Shinyanga ambalo linawafanya mbuzi wagombee kivuli cha nguzo. Nilikuwa nakumbatia ile ndoo. Baba ananiambia, "Toka hapo, utalewa harufu," lakini anacheka, na mimi sitoki.

Nimtendee haki: kununua fiksa ya chenga halikuwa kosa. Ni dawa nzuri, ila inataka uvumilivu kidogo. Hata kuirudia si kosa, ukijua unavyoirudia. Unaweka trei mbili. Picha inaanza kwenye ile iliyokwisha kutumika, inamalizia kwenye mpya. Ile ya zamani ikichoka unaitoa, mpya ya jana inachukua nafasi yake. Hiyo ndiyo nafuu yenyewe, na Baba ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha na kipimo pia. Unakata kipande cha mkanda ambacho hakijapigwa picha, kina rangi ya maziwa, unakitumbukiza. Fiksa nzima inakifungua upesi, kinakuwa angavu unaona vidole vyako ng'ambo. Fiksa iliyochoka inakiacha na maziwa yake. Huo ndio ulikuwa mchezo wangu wakati wenzangu wanacheza rede.

Kisha akaja Sonara. Alikuwa na duka mtaa wa pili, anatengeneza pete na bangili, na siku moja akamwambia Baba kwamba ile dawa chafu anayoimwaga mtaroni ina fedha ndani yake, na yeye anajua kuitoa. Tangu hapo hakikumwagwa kitu. Ndoo kuukuu zikapangwa nyuma ya mlango, Sonara anapita kuzichukua. Na kwa kuwa dawa iliyotumika sana ndiyo yenye madini mengi, Sonara akawa hataki tena ndoo nyepesi. Anachovya kidole, anakunja uso. "Hii bado changa, Baba Kulwa. Iache izeeke." Sasa wewe jiulize ni nani aliyelipia kuzeeka kwake.

Trei ya pili ikaondoka mezani. Nilikuwa natumbukiza kipande changu cha mkanda, kinakaa, kinakaa, maziwa yako palepale.

"Baba, haifungui."

"Bado ina nguvu. Wewe huna subira."

Nikaamini kwamba sina subira. Mtoto ataamini nini kingine?

Na nilikuwa na imani nyingine, ya kwangu mwenyewe. Baba aliposema kwamba fedha iliyomo ndooni imetoka kwenye picha, nilielewa kwamba ni watu. Kila aliyepita kwenye trei anaacha kidogo cha uso wake kwenye dawa, na Sonara anabeba nyuso hizo kwenda kuzichemsha. Nikipita dukani kwake nilikuwa nabandika pua kwenye kioo cha kabati, nakagua bangili moja moja, nikimtafuta yule mchimbaji mwenye mwanya au yule mama wa Maganzo aliyekohoa akaharibu picha. Sikuwahi kumwambia mtu, maana lilionekana ni jambo linalojulikana.

Kulwa hakukaa na sisi. Tulipoachishwa ziwa, Mama alilemewa, Bibi mzaa mama akaja akamchukua mmoja, akamlea kwake upande wa Mwakitolyo. Tukakua tumefanana uso mpaka wauza karanga wanababaika, lakini miguu yetu ilikuwa mbalimbali. Mimi nilikuwa mtoto wa viatu. Kulwa alikuwa na miguu mipana ya kukanyaga majaruba ya mpunga, vidole vimeachana, na kidole gumba cha kulia hakina ukucha kwa sababu ya jembe. Alikuwa ananicheka nikipita juu ya changarawe.

Mara moja tu Bibi alimleta mjini, Baba akampiga picha peke yake. Viatu vyangu havikumwingia, akasimama peku kwenye sakafu ya simenti, kidevu chini, macho juu, kama mtu anayengoja kugombezwa. Baba akaisafisha picha ile siku hiyohiyo, kwenye trei ileile, katikati ya picha za vitambulisho. Nilikuwepo. Akaitia kwenye fremu ya mbao, Bibi akaifunga kwa kanga na kuondoka nayo.

Masika iliyofuata Kulwa akashikwa na homa, barabara imekatika kwa maji, na kabla mtu hajapata namna ya kumfikisha hospitali akatutoka. Siandiki zaidi ya hapo. Nilipewa kanga nijifunike, nikaambiwa nisilie sana maana pacha akilia sana anaitwa na mwenzake. Aliyeniambia hivyo simtaji, lakini sijamsamehe.

Ile picha ikawa ndiyo Kulwa aliyebaki duniani. Hakukuwa na nyingine.

Jua la kiangazi halijakolea, Bibi akaja mjini amekumbatia fremu. Hakuingia studio. Baba alikuwa mkwe wake, na kwetu mama mkwe na mkwe hawasimami uso kwa uso wakajibizana, ni heshima. Alikaa kwenye ngazi ya duka la jirani, ameupa mlango mgongo. Mimi nikawa wa kwenda na kurudi kati yao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mayu wangu." Alikuwa ananiita hivyo, mama, kama wazee wetu wanavyowaita watoto wa kike. Akafungua kanga. Picha ilikuwa imepiga njano, na kutoka juu kahawia ilikuwa inashuka. Nywele za Kulwa hazikuwepo tena, na jicho moja lilikuwa linakwenda. "Mwambie baba yako, mtoto anaondoka. Amshike."

Nikaingia. Baba akaitazama picha kwa muda mfupi tu, halafu akatazama ndoo za nyuma ya mlango, kisha akanitazama mimi.

"Mwambie Bibi, jua ndilo limeipiga. Ameiweka mahali pa jua."

Nikatoka nikamwambia Bibi kwamba ameiweka mahali pa jua. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia mwanamke aliyemzika Kulwa kwamba amemwanika. Bibi akainamisha kichwa. "Niliiweka kitandani kwangu," akasema. "Kuna dirisha dogo." Na kwa sababu ya ule ukwe na ile heshima, hakuweza kunyanyuka akamwuliza Baba: jua lipi hilo linalokula picha za kwako peke yake? Heshima ile ilimlinda asiyestahili. Nikiikumbuka ngazi ile mpaka leo damu inachemka.

Mama akauliza kwa nini isitolewe nyingine kwenye negativu, ule mkanda uliopigiwa picha. Swali la haki kabisa. Baba akajibu akiwa anafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi: negativu za zamani zilikuwa zimeshachukuliwa na Sonara, magunia mawili, kwa kuwa nazo zina fedha.

"Na ya Kulwa?"

"Zilikuwa zimechanganyika, Mama Kulwa. Ningechambua saa ngapi?"

Mama alikaa chini palepale sakafuni. Mimi nikakimbilia mtaa wa pili. Nilimkuta Sonara anapuliza moto wake, nikamwuliza, "Kulwa yuko kwenye ipi?" Akaacha kupuliza. Nikaonyesha kabati, bangili, pete, vipuli. "Yuko kwenye ipi? Bibi anamtaka." Akacheka, siyo kwa ubaya, akanipa peremende na kusema watoto wa Baba Kulwa wana vituko. Baadaye nilielezwa kwamba nilikuwa nimeelewa vibaya. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote, na naona nilikosea kidogo sana.

Sasa sikiliza nafuu aliyoipata Baba. Siku ya pili alinivalisha gauni la Kulwa, lile alilolibakiza Bibi kwa Mama. Mama alikataa kunivalisha, akasimama mlangoni amekunja mikono, basi Baba akafunga vifungo mwenyewe. Akanivua viatu. Akaniambia nishushe kidevu na kuinua macho.

"Mnafanana," akasema. "Bibi haoni vizuri. Atapata raha."

"Lakini ni mimi."

"Ni picha tu, Doto. Simama sawa."

Simenti ilikuwa baridi. Nilisimama juu yake kwa uchungu nisioujua jina, kwa sababu ilionekana kwamba kulikuwa na haja ya mtoto mmoja tu na mimi nilikuwa natosha kwa wote wawili. Tukaingia gizani. Na pale, chini ya taa nyekundu, Baba akanyoosha mkono rafu ya juu, akateremsha pakti ya Mwanza ambayo haijafunguliwa. Akaichana. Akakoroga fiksa mpya kwenye trei safi, akakata kipande cha mkanda, akakitumbukiza. Kikafunguka papo hapo, kikawa angavu. Akaifiksi picha yangu taratibu, akaiosha na kuiosha, akabadilisha maji tena na tena, namna alivyonifundisha zamani.

Kwa hiyo alijua. Alijua siku zote. Pakti ilikuwepo siku Kulwa aliposimama pale na kidevu chake, ikakaa rafuni, kwa sababu ilikuwa ya akiba. Akiba kwa ajili ya nani, hapo ndipo ninapopasuka.

Na ubahili wake haukumwacha hata siku ile. Fremu ilihitaji kadibodi ya nyuma, akaona kadibodi ni gharama, akaiacha ile picha iliyokufa mgongoni mwa ile mpya, akapigilia misumari.

Mama na mimi tukaipeleka. Bibi alitoka ndani tukasalimiana, "Mwangaluka," "Mwangaluka, mayu," akaipokea fremu kwa mikono miwili kama inavyopasa zawadi ya mkwe. Akaisogeza karibu na macho. Akaitazama juu, kisha chini, na chini ndiko alikokaa. Mama alikuwa anatazama kuku.

"Mshukuruni Baba Kulwa," Bibi akasema.

Jioni akaniita jikoni. Akachukua mguu wangu mmoja akauweka pajani kwake, akaanza kuusugua kwa mafuta ya ng'ombe.

"Ile simenti ya baba yako," akasema, "haikuwa baridi?"

"Ilikuwa baridi, Bibi," nikajibu. Nilidhani ananihurumia kwa safari. Akauchukua na mguu wa pili, akausugua vilevile mpaka ukapata moto.

Miaka mingi picha ile ilining'inia kwa Bibi, nzima, safi, haina hata doa. Bibi alipofariki Baba akaitaka, akaitundika sebuleni kwake, na ipo mpaka leo. Wageni wanasimama mbele yake wakitikisa vichwa. Nimewahi kumpelekea chai mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akinililia mimi, mbele yangu, na Baba ananitazama nisiseme kitu.

Lakini tulipoanua tanga la Bibi, Mama alifungua sanduku lake, na chini kabisa, ndani ya ile kanga ya siku ile ya ngazi, tulikuta karatasi ya kahawia. Bibi alikuwa ameing'oa misumari ya fremu, akamtoa Kulwa mgongoni mwangu, akaipigilia tena. Aliacha mimi nitazamwe na wageni, yeye akakaa na wake. Haonekani mtu tena kwenye karatasi ile, ila mwisho wa chini, pale ubao wa fremu ulipoifunika mwanga usiifikie, umebaki mkanda mwembamba wa picha: upindo wa gauni na miguu miwili peku. Mipana, vidole vimeachana, na gumba moja halina ukucha. Karatasi imelainika hapo, imeguswaguswa sana.

Mama aliniachia mimi.

Hayo yote nilimwambia Masanja jioni ile, baada ya mchicha. Hakuniuliza tena habari ya bei. Aliiomba karatasi, akaipiga picha, ile miguu tu, ili aikuze. Jumapili asubuhi nikaingia naye stoo, nikasimama nyuma yake. Tulitumia chenga, trei mbili, na kabla hajaweka karatasi nilimlazimisha akate kipande cha mkanda. Akakitumbukiza. Kikafunguka. Nikamwambia akitumbukize kingine.

Baba siku hizi anatembea kwa mkongojo, na Jumapili analetwa kwangu kula. Jumapili hiyo alinusa harufu tangu mlangoni, uso ukamchangamka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye beseni la ukumbini ambamo picha ilikuwa inaoshwa. "Masanja! Bado mnatumia chenga?" Akainama, akaitoa majini kwa vidole viwili, kwa ufundi wake uleule, akaisogeza dirishani. Maji yakawa yanamchuruzika kwenye mkono wa shati.

"Kazi safi," akasema. Akaigeuza, akaigeuza tena. "Ila umekata kichwa. Hii miguu ya nani?"

Masanja akanitazama. Nilingoja kidogo, nikitumaini kwamba atakumbuka mwenyewe. Hakukumbuka.

"Ya Kulwa," nikamwambia. "Baba Kulwa."

Sijawahi kumwita hivyo maishani. Ni jina la midomo ya watu wengine. Picha ikawa inadondosha maji sakafuni. Niliichukua mkononi mwake na kuirudisha kwenye beseni, kwa sababu ilikuwa bado haijaoshwa vya kutosha.